Aliyechelewa Kuitika

Inspekta Kavindu alipanda ngazi za jengo la Faili Moja, Parklands, akitafuta karatasi moja tu. Nyuma yake Konstebo Sammy alibeba jalada la kesi kwapani. Ndani ya jalada mlikuwa na kila kitu ambacho hakimu angetaka kukiona mchana wa Ijumaa hiyo: jina la mshukiwa kwenye kumbukumbu za mfumo, kinyongo chake, ujumbe wa simu aliomtumia rafiki, na kukiri kwake kulikorekodiwa. Kilichokosekana ni nakala ya mipangilio yenyewe, pale ambapo Joash Obuya aliandika namba iliyouangusha mfumo.

Faili Moja ilikuwa kampuni ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Kliniki ndogo za magharibi mwa Nairobi hazikuwa tena na makabati ya mafaili. Daktari alibonyeza jina la mgonjwa, na kila kitu kikatokea kwenye skrini. Jumatatu asubuhi hakikutokea kitu. Karibu na Woodley, daktari asiyeweza kuliona faili la mgonjwa wake alimdunga mama mmoja dawa ambayo mwili wake huikataa. Hadi Ijumaa mama huyo alikuwa bado anapumulia mashine. Wakubwa wa Kavindu hawakutaka maelezo, walitaka mtu. Alhamisi mchana Kavindu aliwapa mtu. Alimfunga Joash pingu Kenyatta Market, mlangoni mwa saluni ya mamake, mbele ya wasusi, wateja na wachoma nyama.

Ghorofa ya tatu walipokelewa na kijana mnene, mpole, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Huyu alikuwa Ndungu, mhandisi aliyekaa meza moja na Joash.

"Karibuni. Madam Waceke anamaliza simu," alisema. "Si mkule keki kidogo. Ni ya ubatizo wa mtoto wangu, Jumapili iliyopita. Imekuwa kwa friji, haijaharibika."

"Keki ya kanisa haiharibiki," Sammy alisema, mkono ukiwa umeshafika. "Hiyo ilishabarikiwa."

Kavindu alikataa kwa kichwa. Ndungu alitabasamu, lakini macho yake hayakupanda juu ya vifungo vya koti la inspekta.

Waceke, mkuu wa wahandisi, aliwaita ofisini mwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mara ya kwanza. Dirisha lake lilitazama mnara wa hekalu la Wahindi na magari yaliyokwama chini yake.

"Nipe ukurasa ambao Joash aliandika sekunde moja," Kavindu alisema. "Nikipata huo, naenda mahakamani."

"Sekunde moja hakuandika."

Kavindu, aliyekuwa amesimama, alivuta kiti akakaa. "Taarifa yangu inasema aliandika."

"Inspekta, wacha nikueleze tena, pengine Jumanne uliponihoji nilikuwa nakimbia." Waceke aliigeuza skrini. "Kila kazi ya mfumo wetu tumeifungia ndani ya kontena yake, kama kijisanduku cha programu. Kuna kontena za kutafuta faili, za picha za eksirei, za maagizo ya dawa. Ni mamia, zimetawanywa kwenye seva nyingi, na binadamu hawezi kuzichunga zote. Kwa hivyo kuna programu inayozisimamia. Msimamizi huyo kila mara anauliza kila kontena, upo? Ikiitika, inaachwa. Ikichelewa kupita muda uliowekwa, anahesabu kwamba imekufa. Anaiua na kuwasha nyingine."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu tuliunganisha kliniki mpya. Saa mbili asubuhi kila mtu alifungua. Kontena zikawa na kazi nyingi, zikachelewa kidogo kuitika. Msimamizi akaziua. Kazi yao ikaangukia zilizobaki, nazo zikachelewa, nazo zikauawa. Hazikuwa zimekufa, Inspekta. Zilikuwa zinafanya kazi. Zile zilizobeba zaidi ndizo zilizouawa kwanza."

"Kwa sababu muda ulikuwa sekunde moja."

"Ndiyo. Lakini hakuna mtu aliyeandika moja. Tazama." Kidole chake kilishuka kwenye skrini. "Ijumaa mchana, jina ni Joash. Muda wa kungoja ulikuwa sekunde kumi, akauongeza ukawa ishirini. Jumamosi asubuhi, jina ni Joash tena. Mstari wote umefutwa. Usipoandika muda, mfumo haukai bila muda. Unaweka wake wa kuzaliwa nao. Huo ndio sekunde moja."

Kavindu aliusoma mstari wa Ijumaa, akausoma wa Jumamosi, kisha akarudi kwenye wa Ijumaa.

"Mtu anayetaka kuangusha mfumo anaanza kwa kuuongezea muda?"

"Labda alikuwa anajificha. Ijumaa aonekane mzuri, Jumamosi aharibu."

"Ajifiche kwa kutumia jina lake mwenyewe siku zote mbili?"

Waceke aliisoma tena mistari ile miwili.

"Jumamosi ilikuwa saa ngapi?"

"Katikati ya asubuhi."

Kavindu alimgeukia konstebo wake, aliyekuwa akijipangusa sukari mdomoni. "Sammy. Mlango wa saluni ya mama yake Joash ulikuwa na nini?"

"Picha za misuko, madam. Na bei."

"Chini ya bei."

Sammy alifumba jicho moja. "Kulikuwa na karatasi. Jumamosi tumefunga. Sabato njema."

"Nani Kenyatta Market anafunga saluni Jumamosi?"

"Hakuna. Dada yangu husukwa huko. Jumamosi usipofika alfajiri unakaa kwa ndoo ukingoja kiti." Maandishi hayo wote wawili walikuwa wameyasoma juu ya bega la Joash, pingu zikilia.

Kavindu alilifungua jalada, akatoa taarifa ya Waceke. "Hapa ulisema Joash alikuwa na kinyongo nawe kwa sababu ya ombi ulilomkatalia mwaka jana. Sikukuuliza ni ombi gani. Nakuuliza sasa."

Waceke aliipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Alitaka asipangwe zamu ya Jumamosi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sisi sote tuna dini."

"Baada ya hapo alikosa kazi Jumamosi?"

"Hajakosa hata moja. Nilifurahi. Nilidhani ameelewa."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Wikendi mimi siji. Lakini jina lake liko."

"Sikuuliza jina lake, madam."

Waceke aliitia kalamu kwenye droo. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sikuwahi kumwona," alisema.

*

Ndani ya gari, chini ya jengo, Kavindu aliitoa simu yenye rekodi ya mahojiano. Alikuwa amekwisha kuiandika kwenye karatasi kwa mkono wake: *Mshukiwa alikiri kwamba alibadilisha mipangilio.* Aliibonyeza, akaiweka juu ya dashibodi.

Sauti yake mwenyewe ilijaa garini, kavu, ya haraka. "Joash, wewe ndiye uliyebadilisha mipangilio ya mfumo?"

Kimya. Kiti kikalia.

"Nakuuliza wewe."

"Ni... nili... nilibadilisha." Pumzi ikavutwa. "La... la..."

"Inatosha," ilisema sauti ya Kavindu, na rekodi ikaishia hapo.

Aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena. Mara ya tatu Sammy alinyoosha mkono, akaizima.

"Kulikuwa na neno linakuja," alisema.

"Nimesikia."

"Neno gani, madam?"

"Sijui. Sikulingoja."

Mwuza mahindi alipita dirishani, akawatazama nyuso zao, akaendelea na safari bila kuwauzia.

"Ulijua ana kigugumizi?" Kavindu aliuliza.

Sammy alijikuna shingo. "Mamake alisema. Pale pale saluni. Alisema, afande, mpe nafasi, huyu huchelewa kuongea. Wewe ulikuwa unamsomea haki zake."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilidhani umesikia, madam."

Kavindu alitoa karatasi nyingine jaladani, ile ya ujumbe ambao Joash alimtumia rafiki yake Ijumaa: *Jumatatu wataona.* Alhamisi maneno hayo yalikuwa kitisho. Sasa aliyasoma kando ya namba ishirini. Kijana alikuwa ameuongezea mfumo muda kwa ajili ya kliniki mpya, na alitaka Jumatatu watu waone umestahimili.

"Ushahidi wote ni ule ule," Sammy alisema. "Umegeuka tu upande."

"Haujageuka. Tuliushika vibaya." Kavindu alifungua mlango. "Bado hatujui ni nani alikuwa kwenye kile kiti Jumamosi. Ile keki bado ipo?"

*

Ndungu alikuwa jikoni, akisuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Kavindu aliufunga mlango, akaegemea friji. Sammy alisimama karibu na dirisha.

"Nimerudi kuomba kipande," Kavindu alisema.

Ndungu alilitoa boksi haraka, akakata kipande kikubwa kuliko haja. Malai ya waridi ikabaki kisuni.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Ciru, madam. Jina la mamangu."

"Alibatizwa wapi?"

"Mjini Kikuyu, nyumbani. Kanisa letu la tangu enzi za guka, babu yangu."

"Jumapili asubuhi."

"Eeh. Ibada ya kwanza. Halafu watu wakakula mpaka jioni. Shemeji zangu hawajui kuenda nyumbani."

Kavindu alikula kidogo, akamshukuru. Kisha akaiweka nakala ya kumbukumbu za mfumo kando ya boksi la keki, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja.

"Hapa inasema Jumapili asubuhi ulikuwa hapa kazini. Umeandika kwamba kila kitu kiko shwari."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye karai. Sammy alinyoosha mkono akafunga mfereji.

"Huwezi kuwa Kikuyu umebeba mtoto na hapa Parklands umebeba zamu," Kavindu alisema. "Nani alikuwa hapa Jumapili, Ndungu?"

Kavindu hakuongeza neno. Aliangalia mikono ya kijana ikijikausha kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Sammy alifungua kinywa; inspekta akamzuia kwa jicho.

"Joash," Ndungu alisema mwishowe. "Kila Jumapili Joash ni mimi. Na kila Jumamosi mimi ni Joash."

"Eleza."

"Alinyimwa Jumamosi. Yeye ni Msabato, hata simu hashiki mpaka jua lizame. Alikuwa anataka kuacha kazi. Mimi nikamwambia, buda, usiache. Wewe nibebee Jumapili, mimi nikubebee Jumamosi. Ili ratiba ya Madam isiharibike, kila mtu anaingia kwa jina la mwenzake. Ni mwaka sasa. Haikuwa mbaya, madam. Ilikuwa kusaidiana tu."

"Jumamosi iliyopita ulifuta mstari."

"Madam Waceke alisema tusafishe mafaili kabla ya kliniki mpya kuingia. Mstari usio na kazi utolewe, mfumo ujiwekee wenyewe. Nilikuta Joash ameandika ishirini." Alikikunja kitambaa mara mbili. "Mfumo wetu wa zamani usipouandikia muda, ulikuwa unajiwekea thelathini. Nikasema, kwa nini kontena zingojewe ishirini na zinaweza kungojewa thelathini. Nikafuta. Nilidhani naziongezea muda."

"Na huu mpya hujiwekea sekunde moja."

"Sikuangalia. Kitu nilikuwa nakijua miaka yote, sikukiangalia."

"Uligundua lini?"

"Jumatatu hiyo hiyo, tukiwa bado tunauinua."

"Jumanne nilikusanya wahandisi wote kwenye chumba cha mkutano," Kavindu alisema. "Niliuliza nani alikuwa kwenye mfumo Jumamosi. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma ya Joash."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Viatu vyangu."

Alikaa kwenye kreti la mbao la kuwekea soda, kichwa chini, kama mtu anayetaka kuonekana mdogo. "Nilingoja aseme jina langu, madam. Nikasema akisema, nitakubali, sitabishana. Jumanne hakusema. Jumatano tukakula pamoja, hakusema. Jana mkamchukua. Usiku mke wangu ananiuliza mbona sishiki mtoto. Ningemshika namna gani?"

Sammy aliitazama sahani yenye mabaki ya keki yake, akaisukuma mbali.

"Kufuta mstari kwa kukosea si jinai," Kavindu alisema. "Kunyamaza mtu akifungwa kwa ajili yako, hilo utaliandika kituoni kwa mkono wako. Chukua koti."

Mlangoni walimkuta Waceke. Alikuwa amesimama hapo muda. Hakujifanya kwamba anapita.

"Ningempa tu hizo Jumamosi," alisema, bila kumtazama mtu yeyote. "Ilikuwa kubadilisha majina mawili kwenye ratiba."

"Hilo pia litaandikwa," Kavindu alimjibu. "Tufuate na gari lako."

*

Kituoni, katikati ya jiji, Kavindu alimpigia simu mwendesha mashtaka kabla hajavua koti.

"Mshukiwa wangu hatafikishwa leo," alisema. "Anaachiliwa."

"Hakimu ananingoja. Wakubwa wako wanajua?"

"Watajua nikiweka simu chini."

"Niseme nini mahakamani, Kavindu?"

"Sema afisa wa upelelezi alikosea."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Joash aliletwa kwenye chumba kile kile cha mahojiano. Viatu vyake havikuwa na kamba, na shati lake la kijivu bado lilikuwa na doa la mafuta ya mashine ya kukaushia nywele aliyokuwa akiitengeneza alipokamatwa. Kavindu hakukaa ng'ambo ya meza. Alikizungusha kiti chake, akakaa upande mmoja naye, kisha akaiwasha rekodi.

"Joash, jana nilikuuliza swali na sikungoja jibu lote. Naliuliza tena. Wewe ndiye uliyebadilisha mipangilio ya mfumo?"

Joash alimtazama, akatazama mlango, akayarudisha macho mezani. Midomo yake ilijipanga. Hakuna kilichotoka. Nje, askari wawili walibishana kuhusu ufunguo, wakamaliza, wakaondoka. Sammy alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kavindu hakusogea.

"Nili... nilibadilisha," Joash alisema. "La... la... lakini ni I-Ijumaa. Ni... niliongeza. Jumamosi si-sikuwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Ka-kanisani."

"Siku nne umekaa na neno hilo. Kwa nini hukusema?"

Jibu lilichukua muda mrefu zaidi ya lile la kwanza. Shingo yake ilijikaza, akaiachilia, akaanza upya.

"Ha-hakuna mtu ali... aliniuliza Jumamosi, madam. Mliuliza jina. Ji-jina lilikuwa langu." Alipumua. "Na Ndungu alikuwa ana-ananisaidia niende kanisani. Ninge... ningemlipa hivyo?"

"Jumapili ulipoingia kwa jina lake, hukuona mstari umefutwa?"

Joash aliinamisha kichwa. "Si-sikuangalia alichofanya. Nilimwamini. Yule ma-mama wa Woodley, hilo ni la-langu pia."

Kavindu aliandika sentensi hizo zote, kila neno, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Kisha yeye mwenyewe akampa kamba za viatu, mkononi, wala si kupitia kwa konstebo.

Koridoni Ndungu alikuwa kwenye benchi, taarifa yake ikiwa nusu. Aliposikia hatua alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Niaje, Joash," alisema.

Joash alisimama mbele yake. Askari wa zamu aliinua macho kutoka kitabu chake. Ilionekana kana kwamba kijana anatafuta tusi, na kila mtu pale alikuwa tayari kumsamehe akilipata.

"Uli... ulinibakishia keki?" Joash aliuliza.

Ndungu alijifunika uso kwa karatasi ya taarifa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

*

Walifika Kenyatta Market jua likianza kulegea. Moshi wa nyama ulikuwa mzito, na wapiga debe wa saluni walikuwa bado wanashika wanawake mikono: "Siz, tukusuke, kiti kiko." Walipoona gari la polisi limesimama pale pale liliposimama jana, wakaachilia mikono. Kisu cha mchoma nyama kikasimama juu ya ubao.

Philister, mama yake Joash, alikuwa akifagia nywele mlangoni. Siku za Ijumaa hufunga mapema. Viti vilikuwa vimekwisha kupinduliwa juu ya meza, na ile karatasi ya Sabato ilikuwa mahali pake chini ya bei. Alimwona mwanawe akishuka. Hakukimbia. Aliegemeza ufagio ukutani kwanza, akajifuta mikono kwenye aproni, kisha akamshika uso kwa viganja viwili, akautazama upande huu na upande huu, kama anayetafuta mahali palipoumia.

"Umekula?"

"Ki-kidogo."

Ndipo akamgeukia Kavindu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Afande. Leo umemleta bila chuma."

"Hana kosa, mama. Nilikosea. Naomba tuingie ndani nikueleze."

"Ndani?" Philister aliangalia saluni yake, viti vilivyopinduliwa, pazia. "Jana ulimfungia pingu ndani?"

"Hapana, mama."

"Ulimfungia wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Tangu jana hakuna mtu amekaa kwa kiti yangu. Si kwamba wananichukia. Hawajui waniangalie wapi. Hata mimi sijui." Aliushika mkono wa Joash. "Kama una maneno, afande, yaseme pale ulisimama."

Sammy alishuka garini akasimama nyuma ya inspekta. Waceke na Ndungu, aliyekuwa ameshamaliza taarifa yake, walikuwa wamewafuata kwa gari la Waceke na kuegesha mbali kidogo; walisogea mpaka kando ya duka la mafuta ya nywele, wakasimama kwa kuachana, kila mmoja peke yake. Wasusi walitoka na vitana mikononi. Mteja mmoja alitoka kichwa kikiwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama. Mtu akaipunguza redio.

Kavindu alikanyaga pale pale, karibu na kizingiti, ambapo jana alisema kwa sauti kubwa, bila kusitasita, maneno ya sheria kuhusu hujuma na uharibifu. Alivua kofia yake.

"Naitwa Inspekta Kavindu," alisema. "Jana, mahali hapa, mimi..."

Neno lilikwama. Alikohoa, akaanza tena. "Jana mimi nili..."

Akanyamaza. Shingo yake ilikuwa imekaza. Kofia ilizunguka mikononi, ikazunguka tena. Wachoma nyama walitazamana. Kutoka nyuma ya umati kijana mmoja alipaza sauti, "Afande, jana uliongea kama spika ya kanisa, leo imekuwaje? Sema basi tufunge."

Watu walicheka kidogo. Mwingine akasema, "Amemaliza huyo, twendeni," na kweli baadhi walianza kugeuka.

Joash aliinua mkono, kama afanyavyo neno linapomkwama. Kila aliyemjua pale sokoni alijua maana yake, kwa hivyo wakanyamaza, hata mwenye kisu.

"Mwa... mwacheni," alisema. "Anakuja. Mu-mungojeni amalize."

Wakamngoja.